Msomaji hahitaji historia yote kwenye sura ya kwanza

Inaaminika sana kwamba msomaji wa riwaya atapotea asipoelezwa mapema mhusika katoka wapi na ulimwengu wake unaendeshwaje. Si kweli. Msomaji huvumilia kutojua; kinachomchosha ni majibu ya maswali ambayo hajajiuliza.

Mwanamke anaandaa meza. Anaweka sahani mbili, anasita, anairudisha moja kabatini. Msiba umeeleweka bila kusimuliwa. Ulimwengu wa kubuni nao ni vivyo hivyo: mtu akinunua mkate kwa ndoo ya maji, uhaba umejieleza.

Kosa baya kuliko yote ni wahusika kuambiana wanachokijua wote: “Kama ujuavyo, kaka, baba yetu alikuwa mfalme.” Hapo bora msimulizi aseme mwenyewe, kwa sentensi moja au mbili, tukio linapozihitaji.