Mzazi Akitia Sahihi, Mtoto Bado Ana Neno

Dhana: Mzazi akishatia sahihi ya kukubali matibabu, mtoto hana la kusema.

Ukweli: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa haki ya kusikilizwa, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mtazame mtoto wa miaka saba anayeambiwa "haitauma" huku sindano anaiona kwenye trei. Mkono kauficha mgongoni, macho kwa mama. Akishachomwa akaumia, safari ijayo hamwamini daktari wala mama. Afadhali aambiwe: itauma kidogo, tutahesabu hadi kumi, unataka mkono upi?

Dhana: Mashine haina upendeleo.

Ukweli: Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko kilichomo mwilini, hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Mtoto anahema kwa shida, namba inasema yuko salama. Tumwangalie mtoto kwanza.

Dhana: Kumpima mtoto vinasaba vyote hakuna hasara.

Ukweli: Ugonjwa unaotibika utotoni, heri ujulikane mapema. Lakini ugonjwa wa Huntington, wa kurithi na unaoharibu ubongo polepole, kwa kawaida huanza ukubwani na hauna tiba ya kuuponya. Wataalamu hushauri mtoto asiye na dalili asipimwe. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka kujua. Jibu likishatolewa, halirudi.

Dhana: Kuhariri jeni, yaani kubadilisha vinasaba, ni kutengeneza watoto wa kuagiza.

Ukweli: Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Mwaka 2018, mwanasayansi He Jiankui wa China alihariri viinitete, yaani mimba changa kabisa zilizotungwa maabara, wakazaliwa mapacha ambao huenda wakarithisha mabadiliko hayo. Alifungwa miaka 3, na ilistahili. Tiba ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni jambo jingine. Uingereza iliidhinisha ya kwanza Novemba 2023, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Huhaririwa seli za damu za mgonjwa mwenyewe, na watoto wake hawarithi mabadiliko hayo.

Mimi kinachonikosesha usingizi ni kingine. Kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, nayo yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo binti wa miaka 12, ambaye maumivu yamemlaza mara nyingi, anaketishwa na kuulizwa kama angependa mayai yake ya uzazi yahifadhiwe. Aulizwe taratibu, apewe muda, na ikibidi mzazi atoke nje kidogo.