Moto wa fimbo ukikimbilia upande mmoja wa bomba

Fundi wa kulehemu akilalamika kwamba moto wa fimbo unakimbia, matone yanaruka nje na ukingo wa pili wa bomba haushiki, wa kwanza kulaumiwa ni mkono wake. Baada ya hapo ni fimbo: "zimeingia unyevu hizo." Kweli, fimbo yenye unyevu huleta matundu kwenye mshono. Fimbo ambayo ganda lake halikukaa sawasawa nayo hupeleka moto pembeni. Lakini izungushe mkononi. Moto ukiendelea kukimbilia upande ule ule wa bomba, fimbo haina kosa. Zima mashine, funga pini kwenye uzi, ining'inize mdomoni mwa bomba. Ikivutwa, una sumaku ndani ya chuma.

"Bomba jipya haliwezi kuwa na sumaku." Linaweza sana. Kreni za sumaku zinazonyanyua chuma huiacha humo, na upimaji wa nyufa kwa unga wa chuma pia. Mabomba ya mafuta yaliyokaguliwa kwa vyombo vyenye sumaku kubwa vinavyopita ndani ndiyo sumbufu zaidi siku ya kuyakata na kuyaunga upya.

"Lipashe moto, au ligonge nyundo, itatoka." Chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi joto 770 hivi. Kulipasha bomba hadi 150 kabla ya kulehemu kuna faida zake, ila sumaku haitikisiki. Hata ukilifanya jekundu mdomoni, sehemu iliyobaki ya bomba italirudishia likipoa. Nyundo ni bahati nasibu: inaweza kupunguza, inaweza kuongeza.

"Tulipima, ilikuwa ndogo." Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata wenye kipimo cha gausi (kizio cha nguvu ya sumaku) mkononi. Bomba likiwa peke yake, nguvu ya sumaku husambaa hewani kutoka mdomoni, na kipimo kinasoma kidogo. Lisogeze karibu na bomba la kuunganishwa nalo mpaka ubaki mwanya wa milimita 2 au 3, nguvu ile yote inabanwa kwenye mwanya huo, mahali hasa moto unapotakiwa kusimama. Kwa hiyo pima mabomba yakiwa yameshapangwa, ndani ya mwanya, na uzunguke duara lote, maana juu na chini huweza kutofautiana kabisa. Chini ya gausi 10 kwa kawaida utafanya kazi kwa amani. Kwenye 20 moto unaanza kuyumba. Ukipita 40, ni kupoteza fimbo tu.

"Badilisha uweke AC, kwisha." Nusu ya kweli. AC ni umeme unaogeuka upande: wa hertz 50 hugeuka mara 100 kwa sekunde, hivyo moto hausukumwi upande mmoja tu. Ndiyo maana aliyezoea transfoma za AC za kusukwa kwa mkono za Gerezani, Dar es Salaam, huenda hakuwahi kuuona ugonjwa huu mpaka aliponunua inveta, mashine za kielektroniki ambazo nyingi hutoa DC, umeme wa upande mmoja. Ila fimbo za 6010 ni za DC, na mshono wa kwanza wa TIG (kulehemu kwa ncha ya tungsteni na gesi) kwenye bomba la chuma huchomwa kwa DC. Hapo AC haikusaidii.

Dawa ninayoiamini ni waya. Chukua kebo ya kulehemu, izungushe kwenye bomba mara kadhaa karibu na mwanya, uiunge kwenye mashine ya pili ya DC. Anza na ampia chache, ukiichunga kebo isichemke. Pini ikivutwa zaidi, geuza ncha za kebo. Ikilegea, ongeza polepole hadi ining'inie yenyewe. Usizime mashine hiyo ukishafika hapo! Umeizuia sumaku tu, hujaiondoa, na itarudi mara moja. Mshono wa kwanza ukishaziba mwanya duara zima, nguvu inapata njia ya kupita ndani ya chuma, na mishono ya juu huenda bila shida.

Kuna pia sumaku inayoletwa na umeme wa kulehemu wenyewe. Hiyo pini haiioni mashine ikiwa imezimwa, na dawa yake mara nyingi ni kuhamisha klampu ya ethi tu, ile inayobana chuma kurudisha umeme kwenye mashine.

"Ongeza ampia, moto utanyooka." Fanya kinyume: punguza, na ushushe fimbo karibu na chuma. Moto mfupi ni mgumu kupeperushwa.