Cheti cha kuokoa maisha cha mtandaoni peke yake kinatosha?

Wengi kwenye kazi za afya wanaamini kozi ya kuokoa maisha ukiifanya yote mtandaoni, ukajibu maswali na kupakua cheti, basi uko sawasawa na aliyekaa darasani. Inaeleweka, zamu ni ndefu na muda hamna, na nadharia kweli unaweza kuisoma vizuri tu kwenye simu.

Shida iko kwenye mikono. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama anatakiwa akandamizwe kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha angalau sentimita 5 na kisizidi 6, halafu unaachia kifua kirudi juu chote kabla hujakandamiza tena, sasa video haiwezi kukwambia kwamba umeshaanza kuchoka na unakandamiza juu juu, ila mwalimu aliyesimama pembeni ya mdoli wa mazoezi analiona hapo hapo. Ndo maana waajiri wengi wa afya wanataka cheti chenye mtihani wa vitendo.

Sio kwamba za mtandaoni hazina maana, zipo za mchanganyiko, nadharia unasoma nyumbani kisha unaenda kupimwa kwa vitendo, na hizo zinakubalika sehemu nyingi.

Kabla hujalipa muulize mwajiri au bodi inayokupa leseni wanakubali cheti kipi, ikiwezekana wakujibu kwa maandishi. Angalia pia kama kuna siku ya vitendo, nani anakupima, na cheti kinaisha lini, maana vingi ni miaka 2 tu.