Familia za mashamba ya Kusini mwa Marekani: anza kutafuta kwa mama

Maombi ya Kiswahili yanayofika kwenye kitengo chetu cha nyaraka hapa North Carolina yameongezeka, na malalamiko nayo yameongezeka. Waombaji wengi ni watu wetu waliohamia huku kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, wakaoa au kuolewa katika familia za Wamarekani Weusi, na sasa wana watoto wanaouliza habari za upande wa pili. Wengine wako nyumbani, wamepima DNA, wakaambiwa wana ndugu wa mbali Alabama. Wote nia yao ni njema. Lakini majibu yetu mengi yamekuwa "hatukupata", na wapo waliotuandikia kwamba tunaficha. Hatufichi. Shida iko katika namna swali linavyoulizwa.

Barua ya kawaida husema hivi: mume wangu ni fulani, babu yake alikuwa fulani, tunaomba jina la baba wa babu, la babu wa babu, na kabila lao. Kwetu njia hiyo ni sahihi. Mtu hutajwa kwa baba, baba kwa babu, na mzee mmoja barazani anaweza kukurudisha vizazi saba bila kutazama karatasi. Katika nyaraka za mashamba ya Kusini, njia hiyo inakatika mwaka 1865, utumwa ulipokomeshwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani. Kabla ya hapo jina la baba wa mtoto aliyezaliwa utumwani mara nyingi halikuandikwa kabisa.

Sababu ni ya kisheria. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani awaye. Kusini yote ikaishi kwa kanuni hiyo. Hapa ndipo wasomaji wa Pwani wanapojikwaa, maana historia yetu wenyewe imetuzoesha vingine. Unguja, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru, akahesabiwa kwa baba na kurithi. Wamo masultani waliozaliwa na masuria. Virginia au Carolina, mtoto wa bwana kwa mtumwa wake aliandikwa kwenye daftari la mali, jina lake likifuata la mama, na bei yake kwa dola pembeni. Mwenye shamba hakulazimika kumtaja baba. Mama alimtaja kwa uangalifu, kwa sababu umiliki wa mtoto ulithibitishwa kupitia kwake.

Kwa hiyo naomba sana: anza kwa mama.

Nichukue shamba moja ambalo nyaraka zake zimesalia vizuri. Stagville iko Durham, hapa hapa North Carolina, na leo ni eneo la kihistoria la jimbo. Richard Bennehan alifika kutoka Virginia mwaka 1768 kama mfanyabiashara wa duka, akanunua ardhi kidogo kidogo. Kufikia mwaka 1860 warithi wake, familia ya Cameron, walikuwa na ekari zipatazo 30,000 na watu wapatao 900 utumwani. Mtu anapotuandikia kwamba anafuatilia "familia ya Stagville", namuuliza ni ipi: ya mabwana au ya watumwa. Katika nyumba kubwa waliishi watu wachache. Katika nyumba za watumwa za Horton Grove, zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 na ambazo bado zimesimama, ziliishi familia nyingi, nazo ndizo hasa kaya ya shamba lile. Karatasi za pande zote mbili ni zile zile. Huwezi kumfuata mtumwa bila kumfuata bwana, na kwangu historia ya bwana isiyotaja watu wale haijakamilika.

Sasa tazama jinsi Stagville ilivyotoka kwa Bennehan ikaenda kwa Cameron. Mwaka 1803 binti wa Richard, Rebecca, aliolewa na Duncan Cameron. Kaka yake Rebecca, Thomas, hakuoa. Alipofariki mwaka 1847 shamba likaenda kwa mpwa wake Paul Cameron, mtoto wa Rebecca. Ukitafuta kwa jina la Bennehan peke yake, baada ya 1847 utaona kama watu mamia wamepotea. Hawakupotea. Wamehamia kwenye nyaraka za jina lingine kwa sababu ya ndoa ya mwanamke mmoja. Ndiyo maana nasema "anza kwa mama" kwa pande zote mbili: upande wa watumwa, mama ndiye anayebeba uzao katika daftari; upande wa mabwana, mabinti walibeba watu kwenda kwa waume zao, wakipewa kama zawadi ya harusi au urithi. Hata Monticello, shamba la Rais Thomas Jefferson huko Virginia, ni hivyo. Familia ya Hemings, watumwa wa huko, haikuanzia kwa Jefferson. Elizabeth Hemings na watoto wake, akiwemo Sally, walifika kwake kupitia mkewe Martha, baada ya baba yake Martha, John Wayles, kufariki mwaka 1773. Anayetafuta akina Hemings katika karatasi za ukoo wa Jefferson kabla ya hapo anatafuta mahali ambapo hawakuwa.

Nieleze hatua, maana hizi ndizo tunazosimamia kila siku na hizi ndizo zinazorukwa.

Anza na aliye karibu nawe, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Cheti cha kifo ni hazina ambayo watu wanaidharau. North Carolina ilianza kusajili vifo jimbo zima mwaka 1913. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1850 akafa mwaka 1920 ana cheti chenye nafasi ya jina la baba na jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa. Mtoa taarifa huenda alikuwa binti yake aliyewajua wazee wale kwa macho. Cheti kimoja cha namna hiyo kinakuvusha mpaka wa 1865 kabla hujagusa sanduku lolote la shamba.

Kisha sensa. Sensa ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022 kwa kuwa sheria inafunga taarifa hizo kwa miaka 72. Msiombe ya 1960, haitolewi. Ile ya 1890 sehemu kubwa iliharibika kwa moto uliotokea Washington Januari 1921, na hakuna nakala iliyofichwa mahali. Sensa ya 1880 inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1870 haielezi, kwa hiyo usimwandike mwanamke kuwa mke na watoto kuwa watoto wake kwa sababu tu wako nyumba moja. Lakini 1870 ndiyo sensa ya kwanza iliyowataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani, na mimi huwaambia wageni wetu wasipite hapo mpaka wameandika pia majirani, nyumba kumi juu na kumi chini katika orodha. Waliotoka shamba moja mara nyingi walibaki karibu.

Orodha za watumwa za sensa za 1850 na 1860 ndizo zinazotuletea barua za hasira. Nirudie nilivyokwisha kusema mara nyingi: orodha zile, isipokuwa mahali pachache sana, hazina majina. Zina jina la bwana, halafu umri, jinsia na rangi ya kila mtu. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 waliandikwa hivyo. Kumwona "mwanamke, miaka 34, mweusi" chini ya bwana fulani hakuthibitishi kwamba ni bibi yenu, na hatuwezi kukupigia mhuri kwamba ni yeye.

Majina yako kwenye mirathi. Bwana alipokufa, mahakama ya kaunti ilitaka orodha ya mali, na watu walikuwamo, wakitajwa kwa jina na bei, mara nyingi mama akifuatwa na watoto wake wadogo. Soma wosia, orodha ya mali, mgawanyo kwa warithi, hati za mauzo na za rehani. Mashamba makubwa yaliweka pia daftari za vizazi na za kugawa viatu, nguo na mablanketi. Karatasi za familia ya Cameron zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, zikiwa na orodha za watu tangu karne ya 18. Watafiti walioziunganisha waliona wazazi wakiwapa watoto majina ya babu, bibi na baba zao, kama tunavyorithishana majina sisi. Mara ya kwanza nilipoliona jina moja likijirudia hivyo kizazi hadi kizazi nilisimama nikatoka nje kidogo. Bwana hakuuliza baba ni nani, lakini wenyewe walimtunza baba ndani ya jina la mtoto.

Akina baba wanarudi kwenye karatasi mwaka 1866, na daftari hili wengi hawalijui. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria. Machi 1866 North Carolina ilipitisha sheria kwamba waliokuwa wakiishi kama mume na mke utumwani wafike mbele ya karani wa kaunti au hakimu wa amani, watamke hivyo na kusema tangu lini. Ada ya karani ilikuwa senti 25. Mwisho ulikuwa 1 Septemba 1866, baadaye ukasogezwa hadi 1 Januari 1868. Aliyeshindwa alihesabiwa mkosaji, na kila mwezi uliopita ulihesabiwa kosa jipya. Ilikuwa sheria ngumu kwa watu waliotoka kifungoni mwaka uliotangulia. Lakini imetuachia daftari ambamo mwanamume na mwanamke wanasimama pamoja, na mwaka walioanza maisha yao. Si kaunti zote ambazo daftari zake zimesalia. Sambamba na hilo, uliza daftari za Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874 na kuwa na matawi New Bern na Wilmington. Mwenye akaunti aliulizwa baba, mama, ndugu, na wakati mwingine shamba alikotoka.

Angalia mipaka ya kaunti. Kaunti ya Durham iliundwa mwaka 1881. Mirathi ya Stagville ya kabla ya hapo itafute katika Kaunti ya Orange. Vivyo hivyo, mwaka 1844 Paul Cameron alipeleka watu 114 kwenye shamba jipya Alabama, wakati huo Kaunti ya Greene. Baada ya 1867 eneo hilo likawa Kaunti ya Hale. Ndugu wa Alabama uliyetajiwa na DNA huenda ukoo wa mama yake ulitoka hapa Orange.

Jina la ukoo lisikufunge. Si kweli kwamba kila aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wa mwisho. Nyumba moja ya Horton Grove huitwa kwa jina la familia ya Hart, watu waliotoka shamba la akina Cameron.

Kuhusu kabila: kipimo cha DNA hakitaji shamba, wala hakitaji jina la mtu. Wengi walioletwa Kusini walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Wachache walitoka Madagaska na Msumbiji. Kumwandikia mkweo kwamba ni Mmakonde kwa sababu ya asilimia mbili kwenye simu ni kumpa mtu kitu usichonacho.

Ukija kwenye ukumbi wetu wa kusomea nyaraka, njoo na kitambulisho chenye picha. Mkoba, koti na kalamu ya wino vinabaki kwenye kabati. Unaingia na penseli na karatasi. Sanduku moja mezani, jalada moja wazi, karatasi zikibaki kwa mpangilio uliozikuta. Mikono safi na mikavu, usilambe kidole. Picha bila mwanga wa kamera zinaruhusiwa. Karatasi haitoki, hata ikiwa na jina la bibi yako. Naelewa uchungu wa kuiacha, nimeuona mara nyingi. Kwa sheria ya jimbo, kuondoa au kuharibu rekodi ya umma ni kosa lenye faini ya kati ya dola 10 na dola 500. Rekodi ikiwa ya serikali ya shirikisho, ni faini au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukiomba nakala utapewa. Taarifa za ndugu walio hai hatutoi kwa yeyote.

Kabla ya kutuandikia, mpigie simu mama mkwe, shangazi au bibi wa upande ule wakati bado yupo. Kisha katika fomu, penye nafasi ya mhusika, andika jina la mwanamke mkongwe kuliko wote wanaomkumbuka, hata kama ni jina moja tu, hata kama ni la utani, pamoja na kaunti aliyozikwa.