Kuhamisha timu: kwa nini timu ya kikapu ihame mji?

Hasheem Thabeet, yule mrefu wetu wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, ya NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, kisha akapita katika timu nne: Memphis Grizzlies, Houston Rockets, Portland Trail Blazers na Oklahoma City Thunder. Kati ya hizo, ni Portland peke yake iliyozaliwa pale ilipo. Grizzlies walikuwa Vancouver, Kanada, hadi mwaka 2001. Rockets walitoka San Diego mwaka 1971. Thunder walikuwa Seattle, tena kwa jina jingine kabisa, hadi 2008.

Hiyo ndiyo kuhamisha timu: mmiliki anabeba kila kitu, wachezaji na mikataba yao pamoja na nafasi ya timu kwenye ligi, anakwenda kuanza upya mji mwingine. Si kama kuazima uwanja wa mkoa wa jirani kwa sababu wa nyumbani umefungiwa. Hapa hakuna kurudi.

Kwa shabiki wa Simba au Yanga, mwenye kadi ya uanachama mfukoni, wazo hili haliingii akilini. Nani aihamishe Yanga kutoka Jangwani? Labda aliyekuwa akiishangilia Ihefu kule Mbarali ataelewa haraka zaidi, kwani mwaka 2024 timu yake iligeuka kuwa Singida Black Stars. NBA ni hivyo hivyo, ila kwa fedha nyingi zaidi. Timu ni mali ya tajiri au kundi la matajiri. Nafasi kwenye ligi ni 30 tu, na hakuna kupanda wala kushuka daraja. Mji unaotaka timu hauwezi kuanzisha ya mtaani ikapanda ngazi kwa ngazi. Usubiri ligi iongeze nafasi, au uipate ya wenzako. Uhaba huo ndio unaompa mmiliki jeuri ya kuuambia mji: nijengeeni uwanja, la sivyo naondoka.

Sasa, timu inayoyumba ihame? Kwanza tuulize inayumba wapi. Kufungwa ni jambo moja, kupata hasara ni jingine, na watu huyachanganya. Fedha za televisheni ya taifa hugawanywa sawa kwa timu zote, bingwa na wa mkiani. Tofauti kubwa inatoka uwanjani: tiketi, vyumba vya VIP, maegesho, chakula, mabango. Nani anachukua kiasi gani katika hayo, hilo limeandikwa kwenye mkataba wa pango kati ya timu na mwenye uwanja, ambaye mara nyingi ni mji wenyewe. Kwa hiyo timu inaweza kujaza watu na mmiliki bado akanung'unika.

Seattle SuperSonics, ndiyo Thunder ya leo, haikuwa timu ya kubahatisha. Ilianza mwaka 1967 na kutwaa ubingwa 1979. Mmiliki wake, Howard Schultz wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, alitaka fedha za umma za kuboresha uwanja wa KeyArena, akakosa. Mwaka 2006 akaiuza kwa dola milioni 350 kwa kundi la Clay Bennett, mtu wa Oklahoma City. Mwaka huohuo wapiga kura wa Seattle walipitisha sheria kwamba mji usitoe fedha kwa viwanja vya timu za kulipwa bila kupata faida. Bennett akapeleka kwa wabunge wa jimbo mpango wa uwanja wa dola milioni 500 katika mji wa Renton. Wakaukataa.

Wakati huo Oklahoma City ilikuwa imeshajionyesha. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, timu ya Hornets ilikwenda kucheza huko kwa misimu miwili na watu wakajaa. Machi 2008 wananchi wake wakakubali kutozwa kodi ya mauzo ili uwanja wao uboreshwe. Mwezi uliofuata wamiliki wa timu za NBA walipiga kura kuruhusu uhamisho, 28 kwa 2. Kibali hicho si cha kupuuzwa: timu ya Clippers walipohamia Los Angeles bila hicho mwaka 1984, waliishia mahakamani na ligi. Seattle nayo ilishtaki, maana mkataba wa pango ulikuwa hadi 2010. Bennett akalipa dola milioni 45, akaondoka.

Msimu wa mwisho Seattle ilishinda mechi 20 na kufungwa 62. Msimu wa kwanza Oklahoma City ilishinda 23. Tofauti ni mechi tatu! Mji mpya haukuleta ushindi. Ushindi uliletwa na vijana: Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, wote wakiwa wamechaguliwa na Seattle kabla ya kuondoka, na baadaye James Harden. Fainali wakaifikia mwaka 2012.

Linganisha na Sacramento Kings. Mwaka 2013 walikuwa karibu kuuzwa na kupelekwa Seattle hiyohiyo, lakini wamiliki wa timu za NBA wakakataa kwa kura 22 dhidi ya 8, kwa kuwa mji ulikuwa umekubali kuchangia uwanja mpya zaidi ya dola milioni 250. Uwanja ukafunguliwa 2016. Kings waliendelea kufungwa na hawakurudi kwenye hatua ya mtoano hadi 2023. Hakuna aliyewahamisha.

Mimi sisemi kuhama ni dhambi siku zote. Vancouver walikuwa na sababu ya kweli: wachezaji walilipwa kwa dola ya Marekani huku tiketi zikiuzwa kwa dola ya Kanada, ambayo ilikuwa dhaifu. Anayeagiza bidhaa nje anajua maumivu hayo. Misimu sita, na uliokuwa mzuri kuliko yote ulileta ushindi wa mechi 23. Lakini mmiliki anayesema timu imekufa wakati anachotaka ni jengo la kodi za watu, huyo asisikilizwe haraka.

Kuna kitu kimoja Bennett hakuondoka nacho. Wakati Lakers walibeba hadi Los Angeles jina lililotokana na maziwa, yale ya maji, ya Minnesota walikotoka, na Utah Jazz wanacheza kwa jina la muziki wa New Orleans walikotoka, makubaliano ya 2008 yaliliacha jina SuperSonics, pamoja na rangi zake za kijani na dhahabu, Seattle.