Uji wa mpirani: unamshibisha au unamlisha?

Wagonjwa wengi walioumia vibaya ubongo, hapa Unguja na Pemba, hurudishwa nyumbani wakiwa bado na mpira wa kulishia puani. Nyumbani hupikiwa uji mwepesi ili upite. Kupita utapita, lakini haumlishi.

Mtu wa kilo 60 anayepona jeraha hilo huhitaji takriban kilokalori 1,800 na protini gramu 90 kwa siku. Akizikosa, mwili hula misuli yake wenyewe. Kikombe cha uji wa vijiko viwili vikubwa vya unga kina kilokalori kama 70, hata vikombe sita havifiki 450. Mapaja yanakwisha, vidonda vya mgongoni havifungi, na jamaa wanashangaa maana mgonjwa "kutwa analishwa".

Pikeni kikombe hicho kwa maziwa mililita 250, kijiko kimoja kikubwa cha unga na vijiko vitatu vikubwa vya maziwa ya unga. Mnapata kilokalori kama 300 na protini gramu 15. Mara sita kwa siku, hesabu imetimia. Anzeni na nusu kikombe tumbo lizoee. Mwenye kisukari au maradhi ya figo apangiwe na afisa lishe. Tui huongeza nguvu, ila protini yake ni haba. Chujeni vizuri, chembe za mtama ndizo huziba mpira, na kilichokaa nje saa mbili kwa joto letu hili kimwagwe.

Mwinueni nyuzi 30 hadi 45, mito iwe mgongoni, si shingoni tu. Alama ya mpira penye pua ikiwa imesogea, msitie kitu, rudini hospitali. Maji mililita 30, kisha chakula kishuke chenyewe dakika 15 hadi 20 bila kusukumwa, kisha maji 30 tena. Asilazwe chali kabla ya nusu saa. Dawa zisichanganywe na uji. Fenitoini ya degedege hunaswa na chakula, muulizeni daktari mwachanishe kwa saa ngapi.

Linalotutisha zaidi ni kijiko cha maji mdomoni. Mgeni huja na dafu au zamzam kwa nia njema. Maji hukimbia kuliko uji mzito, huingia mapafuni, na mgonjwa huyu anaweza asikohoe hata kidogo. Mtajua kwa homa, pumzi za haraka na sauti ya majimaji kooni. Mpaka apimwe umezaji, kinywa kisafishwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Zamzam ipitie mpirani, ndani ya zile mililita 30.