Kupanda mlima Rondo kabla ya mvua

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, simu huanza: "Mwalimu, Rondo tunapanda lini?" Wengi wanaouliza wamekwisha kujijibu moyoni kwamba mpaka mvua inyeshe, msitu upate kijani, ndipo pawe na cha kutazama. Mimi huwajibu twende sasa hivi, vumbi likiwepo, kwa sababu hizi ndizo wiki ambazo miti yetu inachipua, na ikishanyesha mtakuwa mmechelewa.

Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba ikiishia au Desemba, hukatika Aprili au Mei, na baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Lakini wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, miombo hujivika majani mapya. Nimesomea mimea, nimefanya kazi ya mimea, nimepanda Rondo miezi yote ya mwaka. Mtu mwenye siku moja tu ya kunipa, namchagulia siku ya Oktoba.

Kwa asiyepajua: ukitoka Mnazi Mmoja ya Lindi kwenda Masasi unafuata bonde la mto Lukuledi. Mkono wa kushoto, yaani kusini, kuna ukingo wa uwanda wa Makonde. Mkono wa kulia kuna Rondo. Si mlima wenye ncha kama Kilimanjaro. Ni uwanda ulioinuka, pembeni umekatwa na makorongo na migongo, na sehemu zake za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Sisi tunapanda kwa mgongo mmojawapo. Saa tatu za kupanda kwa mwendo wa watu wanaosimama kutazama, saa mbili za kushuka. Anayetembea kwenda shamba na kurudi anaumudu. Msitu wa juu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali kinatangulia safari, na mwenyeji wa kuwaonyesha njia pia.

Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwanzo ni mikorosho mitupu, na Oktoba ni msimu wake: mabibo yameanguka, mengine yamechachuka, harufu yake inakusindikiza mpaka mashamba yaishe. Hapo sikawii. Jua la saa tatu lisitukute bado tuko chini.

Mikorosho ikiisha, miombo inaanza, na hapa ndipo ninapowasimamisha watu. Chukua tawi la mtondo, mmoja wa miti ya miombo, usilikate, livute tu mpaka usawa wa macho. Majani yaliyofunguka jana yamening'inia kama kitambaa kilicholoweshwa, laini, yanang'aa, na rangi yake ni damu ya mzee. Yaliyotangulia siku chache, nyuma kidogo kwenye tawi lilelile, yamekuwa ya shaba. Chini zaidi yapo ya kijani kibichi ambayo yamekwisha kukaza. Tawi moja linakuonyesha kazi ya wiki mbili nzima. Ukirudi nyuma hatua ishirini ukatazama mteremko wote, unaona mti mwekundu, wa pembeni yake wa dhahabu, wa tatu umeshakuwa wa kijani, kwa sababu kila mti una saa yake.

Swali linalofuata siku zote ni moja: maji yametoka wapi? Udongo ukiuchimba kwa kidole ni unga. Jibu liko chini na liko ndani. Mizizi ya miti hii inakwenda chini sana, hadi kwenye unyevu uliobaki wa mvua iliyopita, na shina lenyewe limeweka akiba. Mti ulipopukutisha majani wakati wa kiangazi ulikuwa umefunga mlango ambao maji hutokea, ule unyevu ukabaki ndani. Baridi ya Juni na Julai ikipita, joto likapanda, mti unaamka kwa akiba hiyo. Faida yake ni kubwa: mvua ya kwanza inapoanguka na kuamsha rutuba ya udongo, mti hauanzi kutengeneza majani, tayari unayo na unakula papo hapo. Ule wekundu nao una kazi. Jani changa halijakamilisha klorofili, ile rangi yake ya kijani, ya kutumia mwanga wote unaolipiga, na jua la Oktoba ni kali mno. Rangi nyekundu hulikinga kama mwavuli mpaka likomae.

Ukishaelewa hilo, unaweza kuusoma mlima. Tunapanda, wekundu uko pande zote, halafu kuna mahali, mara nyingi tukiwa tumeshavuka nusu ya njia, wekundu unapungua, kisha unakatika. Mbele kuna kijani kizito ambacho hakikupukutika kabisa. Upepo wa baharini unapopanda juu ya uwanda huu hupoa na kuacha unyevu wake, na alfajiri nyingi ukungu hulala juu ya miti. Miti ya huko juu haikulazimika kuvua majani. Kwa hiyo pale wekundu unapoishia ndipo unyevu wa bahari unapoanzia, na Oktoba peke yake ndiyo inayokuchorea mstari huo. Februari, kila kitu kikiwa kijani, utapita pale usijue.

Ndani ya msitu joto linashuka ghafla, watu huacha kuongea bila kuambiwa. Mibungo imejisokota mpaka juu, ile ile ambayo zamani mpira wake ulibebwa hadi bandarini Lindi. Sikiliza juu: kuna ndege wa kijani wa jamii ya zuwakulu anayetoa mlio mmoja, akiurudia na kuurudia. Ndege wa aina yake kamili wapo hapa na katika msitu wa Ngoye kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Katikati ni mamia kwa mamia ya maili ambako hayupo. Yupo pia komba mdogo wa Rondo, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa aina ya pekee katika miaka ya 1990. Uzito wake ni kama gramu 60, yai la kuku linaweza kumshinda, na mkia wake umefura kama brashi ya kusafishia chupa. Mchana hutamwona, analala. Anahitaji vichaka vizito vya chini, ndiyo maana kila unapowashwa moto wa kusafishia shamba ukapanda mlimani mimi silali. Nimeuona ukingo wa msitu ukirudi nyuma, mwaka hadi mwaka.

Mivule mikubwa mliyosimuliwa na wazee mingi haipo. Ilikatwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati uleule reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ilipojengwa bondeni kwenda Nachingwea. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Palipokatwa pakapandwa mitiki. Oktoba mitiki bado imesimama mitupu, ya kijivu, huku miombo chini yake inawaka.

Maji bebeni lita tatu kila mtu. Udongo wa juu ni wa kichanga, unayanywa maji yote, na chemchemi hutokea chini, miguuni mwa mlima. Na vaeni mikono mirefu, kwa ajili ya upupu. Mwezi huu maganda yake yamekauka, upepo mdogo tu unatosha kumwaga manyoya. Mwanafunzi wangu mmoja aliupitia akiwa amevaa fulana, akakimbilia kujimwagia maji ya kunywa na kujikuna. Mwenyeji wetu alimzuia, akampaka majivu, akayapangusa taratibu, na yale manyoya yakatoka nayo.

Saa nane tunaanza kushuka. Mara ya mwisho tulipofika mji mdogo wa Mtama nilimkuta bibi anauza ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, fungu dogo kuliko kawaida yake. Nikamwamkia, nikamwuliza mbona kidogo.

"Ndiyo ya mwisho hiyo, mjukuu wangu. Imeshaanza kuota."

Akanionyesha mmoja mbichi aliouacha pembeni. Kichwani palikuwa na chipukizi la urefu wa kucha, jekundu kama la mtondo, na kiazi chenyewe kilikuwa kimeanza kunywea. Mvua ilikuja wiki ya nne baada ya siku hiyo.